Riziki ya Karata: Nani Humlipa Mcheza Poka?

Meza ya poka haizalishi kitu. Watu tisa huizunguka, kila mmoja na fedha zake, na fedha hizo huhama kutoka mkono huu kwenda ule hadi alfajiri. Aliyeinuka na dola 800 zaidi ya alizokuja nazo amezipata kwa wenzake wanane, hazikutoka kwingine. Na wakati zinahama, mwenye nyumba anamega.

Tuhesabu kidogo. Tuseme watu hao tisa wamekuja na dola 300 kila mmoja, jumla dola 2,700. Kasino inakata dola 4 katika kila mgao, na mgawaji mwenye mkono mwepesi anagawa karata kama mara 30 kwa saa. Kila saa, basi, dola 120 zinaondoka mezani na hazirudi. Zikipita saa 22 na nusu, ikiwa hakuna mgeni aliyeketi wala mtu aliyekwenda kuchota tena kwenye mashine ya benki, meza itakuwa tupu. Wote tisa wameliwa, mjinga na mjanja, na fedha zote ziko kwa mwenye kasino.

Ni hesabu ya darasa la nne, lakini ndiyo inayotawala maisha ya mtu anayesema anaishi kwa poka. Bila fedha mpya hana chakula. Na fedha mpya huletwa na mtu asiyejua kucheza, au anayejua lakini hajali akipoteza. Wenyewe humwita samaki.

Nalitanguliza hili kwa sababu hadithi za wacheza poka, zikisimuliwa, huhusu akili tu: jicho linalosoma uso wa mtu, hesabu za kichwani, mkwara uliopigwa bila kupepesa. Akili ipo, tena nyingi. Ila ukifuatilia maisha ya walioifanya poka kazi, tangu barabara za vumbi za Texas miaka ya 1950 hadi kompyuta za leo, utaona kwamba kilichowapandisha na kuwashusha mara nyingi kilikuwa swali moja lisilo na utukufu wowote: mwaka huu samaki wako wapi?

Kwa msomaji aliyekulia kwenye lasti kadi au wahedusitini ya barazani, mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Katika aina inayochezwa zaidi, Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Karata nyingine tano hufunuliwa katikati ya meza, kwanza tatu, kisha moja, kisha ya mwisho, na kila mmoja huunda karata tano bora awezazo kutokana na hizo saba. Kabla ya kufunuliwa na baada ya kila ufunuo, watu huweka dau, hupandisha, hufuata, au hutupa karata zao. Ukipandisha mpaka wengine wote wakatupa, fungu ni lako hata kama mkononi ulikuwa na mbili ya pau na saba ya uru. Hapo ndipo mkwara unapopata heshima yake.

Na hapo ndipo poka inapoachana na kamari nyingine. Kijana anayeandika mkeka kwenye simu anapambana na kampuni iliyopanga bei ya kila mechi huku ikijiwekea faida ndani yake. Anayekaa mbele ya mashine ya bonanza anapambana na programu. Mcheza poka anapambana na binadamu aliyeketi kushoto kwake, na kasino haina haja ya kujua nani kashinda, mradi imekata chake. Kwa hiyo inawezekana kweli kuishi kwa poka, kwa maana ya hesabu. Ukiwazidi wenzako kuliko kile kinachokatwa na nyumba, kinachobaki ni chako.

Tatizo ni kwamba kinachobaki hakiji mwisho wa mwezi.

Mwenye ree mbili akikutana na mwenye wafalme wawili, na fedha zote zikaingia kabla karata za katikati hazijafunuliwa, atashinda takriban mara 82 katika 100. Mara 18 zilizobaki atapoteza kila alichonacho mezani, na hakuna alichokosea. Mgawaji hana kumbukumbu, hafidii. Sasa mchukue mchezaji hodari wa mtandaoni anayecheza meza nne kwa pamoja, migao 300 kwa saa, dau kubwa la lazima, lile wachezaji wanaloweka kwa zamu kabla ya kuona karata, likiwa dola 2. Tuseme umahiri wake unamletea wastani wa dola 5 kwa kila migao 100, yaani dola 15 kwa saa. Hicho ni kiwango cha kuheshimika, wengi hawakifikii. Lakini katika kila migao 100 hiyo, kupanda na kushuka kwa kawaida ni kama dola 180 juu au chini. Wastani wake ni tone ndani ya wimbi.

Acheze wiki nzima, migao 10,000. Kanuni za uwezekano zinasema kuna karibu nafasi nne katika kumi kwamba atamaliza wiki na hasara. Si ajabu, wiki ni fupi. Aendelee saa 40 kila wiki kwa miezi miwili, afikishe migao 100,000. Matarajio ni dola 5,000 za faida, na bado mmoja kati ya watano wa kiwango chake atakuwa chini ya alipoanzia. Miezi miwili ya kazi safi, kodi ya nyumba imelipwa mara mbili, na mshahara ni hasi. Kwenye meza ya kasino wapinzani huwa wepesi zaidi na faida kwa kila mgao ni kubwa zaidi, lakini karata hugawiwa polepole mno: migao 100,000 ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kukaa kitini. Mtu anaweza kuzeeka akisubiri takwimu zimthibitishie kwamba yeye ni hodari.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio uliowaumiza wengi zaidi. Kama hodari anaweza kupoteza kwa miezi, basi asiye hodari anaweza kushinda kwa miezi. Akaacha kazi. Akamwambia mkewe kwamba amepata njia. Anapoanza kuliwa anaita mkosi kile ambacho kwa kweli ndicho kipimo chake halisi, na anapanda meza kubwa zaidi ili arudishe haraka. Wachezaji wakongwe huogopa hali hii kuliko wanavyoogopa mpinzani yeyote: kucheza kwa hasira, mtu amekwishaliwa na anataka ajibu papo hapo.

Ndiyo maana waliodumu walitenga mtaji wa mezani na fedha za tumbo, wakaweka akiba ya matumizi ya miezi mingi, na wakakubali kushuka meza ndogo bila aibu mambo yalipoharibika. Ukiwasikiliza, hawazungumzi kama wacheza kamari. Wanazungumza kama wahasibu wenye huzuni.

Stu Ungar hakuwa mhasibu. Alizaliwa New York mwaka 1953, mtoto wa mwenye baa ambamo kamari ilichezwa, na tangu utotoni alikuwa na kichwa cha ajabu kwenye karata. Mchezo wake wa kwanza haukuwa poka bali gin rummy, na humo alikuwa hatari kiasi kwamba ilifika siku hakuna mtu aliyekubali kucheza naye kwa fedha. Poka aliihamia kwa sababu kule kwingine alikuwa amewamaliza samaki wote. Mwaka 1980 alishinda taji kuu la World Series of Poker mjini Las Vegas, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1970 kwenye kasino ya Benny Binion. Mwaka 1981 akalitetea taji lake.

Kisha fedha zikaanza kuvuja. Kokeini ilikuwa sehemu ya habari hiyo. Sehemu nyingine ilikuwa farasi, mechi na dadu. Mwaka 1990, katikati ya mashindano makuu, alikutwa amezirai chumbani kwake. Sarafu zake za kuchezea zikaachwa mezani zikiliwa kidogo kidogo na dau la lazima, na kiti kitupu kikashika nafasi ya tisa. Mwaka 1997 hakuwa hata na dola 10,000 za kiingilio. Rafiki yake Billy Baxter alimlipia, Ungar akashinda taji la tatu na dola milioni 1, wakagawana nusu kwa nusu. Novemba 1998 alikutwa amekufa kwenye moteli ya bei rahisi mjini humo humo, akiwa na umri wa miaka 45. Alikuwa na dola zipatazo 800. Mazishi yalifanyika kwa michango ya marafiki.

Wengi humsimulia Ungar kama mfano wa dawa za kulevya. Mimi naona kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi wa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Kampala. Huyu ni mtu ambaye pengine hakuna aliyewahi kumzidi kwenye karata. Fedha alizowashinda binadamu wenzake, mahali ambapo alikuwa na ubora, alizibeba mwenyewe na kuzipeleka kwa wapanga bei, mahali ambapo hakuwa na ubora wowote. Akili iliyomtajirisha mezani haikumfaa kitu kwenye farasi, kwa sababu farasi hapigiwi mkwara. Vijana wetu wanaosema wamechambua ligi nzima, takwimu wanazo, majeruhi wanawajua, hawana upungufu wa akili. Wamekaa tu kwenye meza ambayo samaki ni wao.

Hata Archie Karas, Mgiriki aliyeingia Las Vegas mwaka 1992 na dola 50 na kuzigeuza kuwa zaidi ya dola milioni 40, alipitia njia hiyo hiyo. Alianza na mchezo wa pool na poka dhidi ya watu. Walipokwisha watu wenye ujasiri wa kukaa naye, akageukia dadu na bakara, dhidi ya nyumba. Kufikia mwaka 1995 fedha zilikuwa zimekwisha, nyingi zikiwa zimeondoka ndani ya wiki chache tu.

Aliyedumu ni Doyle Brunson. Mtoto wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1933, mwanamichezo wa mpira wa kikapu mpaka alipovunjika mguu, mwenye shahada ya uzamili katika elimu, alizunguka na wenzake kwenye vyumba vya nyuma vya miji midogo akicheza na wafugaji na watu wa mafuta. Enzi hizo kushinda mezani kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kutoka na fedha zako bila kuporwa. Alitwaa taji kuu mwaka 1976 na 1977, na mara zote mbili katika mgao wa mwisho alikuwa na karata ya kumi na ya mbili mkononi, karata ambazo mtu makini huzitupa. Aliendelea kukaa kwenye meza kubwa kabisa mpaka uzeeni, akafariki Mei 2023 akiwa na miaka 89. Naye hakuwa malaika wa hesabu: aliwahi kutia fedha kwenye safari za kuitafuta safina ya Nuhu na meli ya Titanic. Lakini mtaji wa karata ulibaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Brunson alifanya jambo ambalo wenzake walilinung'unikia. Aliandika kitabu, Super/System, kikauzwa dola 100 nakala moja, bei ya juu mno kwa wakati ule, na ndani yake akaeleza namna wataalamu wanavyocheza. Kila aliyekisoma na kukielewa alikuwa samaki mmoja pungufu duniani. Kwa mantiki ya meza isiyozalisha kitu, mwalimu anajipunguzia riziki kwa mkono wake mwenyewe.

Robo karne baadaye samaki walikuja kwa wingi ambao haujapata kuonekana, na sababu yake ni mchanganyiko wa mambo yasiyohusiana. La kwanza ni televisheni. Poka ilikuwa haitazamiki; unawaona watu wamenuna, hujui wana nini. Kipindi cha Uingereza, Late Night Poker, kuanzia mwaka 1999 kilionyesha karata za siri kupitia vioo vya mezani. Marekani, Henry Orenstein, Myahudi wa Poland aliyenusurika kwenye kambi za Wanazi na baadaye kuwa mbunifu wa vitu vya kuchezea watoto, alikuwa tayari na hataza ya kamera za kuonyesha karata hizo. Ghafla mtazamaji aliyekaa kwenye kochi alijua kuliko wachezaji wenyewe. Akimwona bingwa anatupa karata nzuri, anasema: hata mimi ningemshinda huyu.

La pili ni intaneti. La tatu ni mtu mmoja mwenye jina ambalo mwandishi wa riwaya angeonekana mvivu kulibuni. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee mwenye umri wa miaka 27, alilipa dola 86 kwenye mchujo wa mtandaoni wa PokerStars, akashinda nafasi ya kwenye mashindano makuu ya mwaka 2003. Alikuwa ameuza sehemu ya ushindi wake kwa baba yake na rafiki ili apate nauli na matumizi. Walioshiriki walikuwa 839. Mwishoni alibaki yeye na Sam Farha, mzaliwa wa Lebanon, mchezaji wa kazi, sigara isiyowashwa mdomoni. Katika mgao mmoja Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa, hana chochote, akasukuma sarafu zake zote katikati. Farha alikuwa na jozi ya tisa, ambayo ilikuwa ikishinda. Akafikiri, akafikiri, akatupa. Mhasibu akaenda nyumbani na dola milioni 2.5.

Mwaka uliofuata walijiandikisha watu 2,576. Mwaka 2005, 5,619. Mwaka 2006, 8,773, na mshindi, Jamie Gold, alipata dola milioni 12. Mamilioni ya watu waliokuwa na kadi ya benki na kompyuta walifungua akaunti. Kwa wale waliokuwa wakiishi kwa poka, hii ilikuwa neema isiyo na mfano. Vijana wa miaka 20 walikaa vyumbani kwao na meza 12, wengine 20 au zaidi, zikiwa zimejaa kwenye skrini mbili, kila moja ikiwa na mtu aliyetazama televisheni jana usiku. Haikuhitajika kipaji cha Ungar. Ilihitajika subira, hesabu za wastani na mgongo usiouma.

Wengi wa kizazi hicho walidhani wao ni hodari. Baadhi walikuwa. Lakini ukitazama nyuma, wengi walikuwa watu waliofika pwani siku samaki walipojileta wenyewe mchangani.

Bunge la Marekani ndilo lililoanza kuikausha pwani hiyo, na lilifanya hivyo kwa mlango wa nyuma: sheria ya kuzuia benki kupitisha fedha za kamari ya mtandaoni iliambatishwa kwenye sheria ya usalama wa bandari, ikasainiwa Oktoba 2006. Baadhi ya kampuni zikaondoka sokoni. Nyingine zikabaki na kutafuta njia za kuzunguka. Mwaka 2007 washiriki wa mashindano makuu walishuka hadi 6,358.

Pigo kubwa lilikuja Ijumaa, tarehe 15 Aprili 2011. Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya waanzilishi wa PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker, na kuzikamata anwani zao za mtandaoni. Mchezaji aliyeketi kwenye kompyuta siku hiyo alikuta tangazo la serikali mahali palipokuwa na kazi yake. PokerStars ililipa wateja wake wa Marekani mapema. Full Tilt haikuweza: kwa maelezo ya waendesha mashtaka, ilikuwa ikidaiwa na wachezaji takriban dola milioni 390, na benki ilikuwa na kama milioni 60 tu. Nyingine wakurugenzi na wenye hisa walikuwa wamegawiana. Mwaka 2012 PokerStars ilikubali kulipa dola milioni 731 katika makubaliano yaliyoiwezesha pia kuichukua Full Tilt, na Wamarekani walianza kupata fedha zao Februari 2014. Karibu miaka mitatu.

Fikiria maana yake kwa mtu aliyekuwa akifuata kanuni zote za kazi. Alitenga mtaji, hakucheza kwa hasira, hakubeti farasi. Mtaji wake wote ulikuwa kwenye akaunti ya kampuni, kwa sababu huko ndiko kazi ilikofanyika. Uwezekano wa ree dhidi ya mfalme aliujua kwa kichwa. Uwezekano wa mwenye meza kutumia amana zake haukuwa kwenye kitabu chochote. Hana mkataba wala mwajiri, na chama cha wafanyakazi cha kumsemea hakipo. Akiomba mkopo wa nyumba, benki inamuuliza hati ya mshahara. Baadhi walifunga virago wakahamia Kanada, Mexico na Costa Rica, ili waendelee kufungua kompyuta ile ile wakiwa upande wa pili wa mpaka.

Waliobaki walikutana na adui mpya, hesabu. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta walitangaza programu iitwayo Cepheus, iliyofika karibu kabisa na uchezaji usioshindika katika poka ya watu wawili yenye mipaka ya dau. Januari 2017, kwenye kasino moja mjini Pittsburgh, programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilicheza migao 120,000 dhidi ya wataalamu wanne wa poka isiyo na mipaka ya dau, ikawashinda wote. Mwaka 2019 ndugu yake, Pluribus, alifanya hivyo kwenye meza ya watu sita. Wataalamu walioketi na Libratus walikuwa wakikutana kila usiku kutafuta udhaifu wake, na asubuhi wanakuta udhaifu wa jana umezibwa.

Programu hizo za maabara hazikuuzwa madukani, lakini binamu zao ziliuzwa. Leo kijana yeyote mwenye kompyuta nzuri anaweza kuuliza afanye nini na malkia wawili, mpinzani akiwa amepandisha mara mbili, na akapewa jibu kwa asilimia. Kilichokuwa siri ya Brunson, iliyosomwa kwa usiku maelfu katika vyumba vya moshi, kimekuwa kitu cha kukariri kama jedwali la kuzidisha. Ubora haukupungua, uliongezeka kwa kila mtu kwa pamoja, na hiyo kwa mcheza poka ni habari mbaya. Wote wakiwa hodari sawa, kinachobaki ni makato ya nyumba.

Hapa mtu wa pwani ananikatiza, na ana haki: kamari ni kamari, ni haramu, kwa nini tuipime kwa akili? Simbishii imani yake. Ningeongeza tu hoja isiyohitaji imani. Wakili anayeshinda kesi, fundi anayejenga ukuta, hata mchezaji mpira anayefunga, kuna mtu anayefurahi kumlipa. Mcheza poka analipwa na mtu ambaye, laiti angeelewa kinachoendelea, asingeketi. Wapo wanaopoteza kwa furaha, tajiri aliyekuja likizo, mwenye kampuni anayetaka msisimko wa usiku mmoja, na kwao sina huruma nyingi. Lakini kwenye meza hiyo hiyo yupo anayecheza ada ya mtoto, na sarafu zake zina rangi sawa na za tajiri. Mchezaji wa kazi hujifunza kutotazama. Kwenye meza, kumfundisha samaki kosa lake ni mwiko, na kumcheka ni mwiko zaidi, kwa kuwa anaweza kuinuka.

Je, kazi hii imekufa? Hapana. Mashindano makuu ya mwaka 2023 yalipata washiriki 10,043, rekodi mpya iliyovunja ile ya 2006, na ya mwaka 2024 yakapata 10,112. Kiingilio ni dola 10,000 zile zile za miaka ya 1970, ambazo leo ni fedha ndogo kuliko zilivyokuwa wakati ule. Tahadhari tu na orodha za washindi zinazosema fulani amejipatia milioni kadhaa maishani: orodha hizo huonyesha kilichoingia, hazionyeshi viingilio vilivyolipwa, tiketi za ndege, wala asilimia iliyouzwa kwa wadhamini. Wapo wenye milioni mbili kwenye orodha na madeni nyumbani.

Kilichobadilika ni mahali riziki ilipo. Wengi sasa huuza masomo, video na vipindi vya moja kwa moja, kwa hiyo fedha ya samaki huingia kwao kama ada kabla hajafika mezani. Na michezo minono kabisa haiko tena kwenye ukumbi wa wazi wala mtandaoni. Iko kwenye nyumba binafsi za matajiri, ambako mtu haingii kwa kujiandikisha, anaalikwa. Mwenye nyumba anachagua nani aketi, na hana sababu ya kumwita kijana aliyekariri programu, anayefikiri dakika nne kila mgao akiwa amevaa kofia, miwani meusi na vipokea sauti masikioni. Anamwita anayesimulia vizuri, anayekunywa kidogo, anayetupa karata haraka, anayepoteza fungu bila kununa na kushinda jingine bila kujigamba. Walio kwenye kazi hii wanalijua hilo, na baadhi yao sasa wanatumia muda mwingi zaidi kujifunza kuwa wageni wazuri kuliko kusoma karata.